Kununua pikapu: Msimu wa mavuno si lazima uwe msimu wa gari

KILA mwaka kuanzia Juni, mahindi yanapoanza kushuka kutoka mashambani katika mikoa ya Ruvuma, Rukwa, Songwe, Mbeya na Iringa, wanaoulizia pikapu na magari madogo ya mizigo huongezeka. Mkulima aliyekodi gari misimu mitatu mfululizo anaona sasa imetosha. Mfanyabiashara wa nafaka anayelipia Canter kila wiki anapiga hesabu na kuona kuwa fedha anazompa mwenye gari zingetosha kununua lake.

Hakuna ubaya katika fikra hizo. Gari la mizigo ni nyenzo ya kazi kama lilivyo jembe la kukokotwa na ng'ombe au mashine ya kukoboa. Tatizo ni kwamba wengi huamua kununua siku fedha zinapoingia mkononi, na siku hiyo mara nyingi ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mazao yanakuwa yameuzwa kwa bei ya chini ya msimu, wanunuzi wengine wanakuwa wamejaa kwenye yadi, na kodi mpya za bajeti ya serikali ndiyo kwanza zimeanza kutumika.

Uchambuzi huu unaangalia mambo yanayopandisha na kushusha bei ya pikapu hapa nchini katika mwaka, na jinsi mkulima au mfanyabiashara mdogo anavyoweza kupanga ununuzi wake ili asipoteze mamilioni bila sababu.

Kazi kwanza, gari baadaye

Kabla ya kuuliza ni mwezi gani gari ni rahisi, mnunuzi anapaswa kuuliza kama ana kazi ya kulipa gari hilo. Hesabu yake si ngumu.

Tuchukue mfano wa pikapu iliyotumika inayonunuliwa kwa Sh18 milioni. Tuseme baada ya miaka mitano itauzwa kwa Sh8 milioni. Hapo mwenye gari amepoteza Sh10 milioni, yaani Sh2 milioni kila mwaka, hata kama gari halikupata ajali. Ongeza bima, matairi, betri, matengenezo ya kawaida na vipuri, na tukadirie kuwa vyote hivyo ni Sh2 milioni nyingine kwa mwaka. Gari hilo basi linamgharimu mwenyewe Sh4 milioni kwa mwaka kabla ya kuweka mafuta na kumlipa dereva.

Sasa tuseme kila safari anayotumia gari lake badala ya kukodi inamwokolea Sh50,000 baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva. Ili kufikisha Sh4 milioni anahitaji safari 80 kwa mwaka. Mwenye safari 120 ana faida. Mwenye safari 30 za msimu wa mavuno, na miezi mingine gari limeegeshwa chini ya mwembe, anapata hasara, na nafuu yoyote aliyopata siku ya kununua haitamwokoa.

Kila mmoja anaweza kuweka takwimu zake mwenyewe katika hesabu hiyo. Kama safari hazitoshi, kuna njia ya kuungana na majirani wawili watatu kukodi gari kwa msimu mzima, au kuhakikisha kwanza kuwa kuna wateja wa kubebewa mizigo miezi isiyo ya mavuno. Mwenye nia ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo akumbuke pia kuwa atahitaji leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na gharama hiyo iingie katika hesabu.

Lipo pia suala la ukubwa. Magari madogo yanayojulikana kama kirikuu yamekuwa kimbilio la wafanyabiashara wengi kwa sababu bei yake ni nafuu na hayanywi mafuta mengi. Lakini kwa sheria za Japani, yanakotengenezwa, gari la aina hiyo lenye injini isiyozidi cc 660 hubeba mzigo usiozidi kilo 350. Hayo ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Kwa muuza mboga, mikate au soda linatosha. Kwa anayetoa mahindi shambani kwenye barabara ya tope ni kulitesa, na urahisi wa bei utakwisha kwa fundi.

Gari linauzwa kwa dola

Magari mengi yanayonunuliwa na wananchi wa kawaida hapa nchini ni yaliyotumika kutoka nje. Muuzaji wa nje anataka dola. Kwa hiyo bei anayolipa mkulima wa Mbozi inategemea sana ni shilingi ngapi zinahitajika siku hiyo kununua dola moja.

Kwa kawaida shilingi yetu ina msimu wake. Nusu ya kwanza ya mwaka, Januari hadi Juni, fedha za kigeni huwa chache kwa sababu mazao mengi ya biashara yanakuwa hayajauzwa nje, na watalii hupungua wakati wa masika. Kuanzia Julai hadi Desemba hali hubadilika. Tumbaku, pamba, kahawa na baadaye korosho huleta dola, na watalii huongezeka. Katika miezi hiyo shilingi hupata nguvu au angalau haishuki kwa kasi.

Mabadiliko ya miaka ya karibuni yanaonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito. Mwishoni mwa Desemba 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh2,400. Kufikia Mei 2025 ilikuwa imepanda hadi karibu Sh2,700. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo ilikuwa imerudi karibu Sh2,450.

Tuone maana yake kwa mnunuzi. Gari lenye thamani ya dola 8,000 pamoja na usafiri na bima hadi bandari ya Dar es Salaam ni Sh19.2 milioni dola ikiwa Sh2,400. Dola ikiwa Sh2,700 gari lile lile ni Sh21.6 milioni. Hapo tofauti ni Sh2.4 milioni.

Lakini hesabu haiishii hapo, kwa sababu kodi nazo huhesabiwa kutokana na thamani hiyo ya dola. Ushuru wa forodha wa magari ya aina hii kwa miaka mingi umekuwa asilimia 25 ya thamani, na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Kwa kodi hizo mbili peke yake, gari la dola 8,000 linakuwa la dola 11,800. Dola ikiwa Sh2,400 hiyo ni Sh28.32 milioni, na ikiwa Sh2,700 ni Sh31.86 milioni. Tofauti sasa imefika zaidi ya Sh3.5 milioni, kabla ya kuongeza ushuru wa bidhaa kwa magari yanayohusika, tozo ya reli, gharama za bandari na ujira wa wakala wa forodha. Hakuna dalali atakayempunguzia mteja kiasi hicho kwa kubembelezwa.

Hata hivyo, msimu wa shilingi si kalenda ya kutegemewa kama jua na mwezi. Oktoba 2024, mwezi ambao kwa kawaida shilingi hutarajiwa kuwa na nafuu, dola ilikuwa bado juu ya Sh2,700, na nafuu ikaja ghafla mwezi Desemba. Mwenye mpango wa kuagiza gari afuatilie viwango vinavyotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kila siku ya kazi, walau kwa miezi miwili, kabla ya kulipa.

Tarehe mbili za malipo

Jambo ambalo wanunuzi wapya hulisahau ni kwamba anayeagiza gari nje hulipa mara mbili, na kati ya malipo ya kwanza na ya pili hupita mwezi mmoja, miwili au zaidi. Malipo ya kwanza ni ya muuzaji. Malipo ya pili ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), gari linapofika.

Hii ina maana mbili. Kwanza, dola inaweza kupanda wakati gari likiwa baharini, na kodi ikazidi ile aliyoikadiria. Pili, mwenye kutumia fedha zote kumlipa muuzaji akitumaini kuwa ya kodi itapatikana baada ya kuuza mzigo fulani anajiweka mahali pabaya. Gari likikaa bandarini kupita siku zinazoruhusiwa linaanza kudaiwa gharama za kuhifadhiwa, na gharama hizo hazisubiri bei ya mahindi ipande.

Aidha, ni vema kuelewa kuwa TRA ina mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika, wenye orodha ya aina za magari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Mtu aliyepata punguzo la dola 1,000 kutoka kwa muuzaji asidhani kuwa kodi itashuka kwa kiwango kile kile. Kikokotoo cha mfumo huo kipo kwenye tovuti ya TRA na kinaonyesha kodi kwa kila gari. Asiyeweza kukitumia amwombe kijana wa duka la intaneti au wakala wa forodha amtolee karatasi yake kabla hajatuma hata senti moja nje ya nchi.

Juni na Julai, miezi ya bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza kutumika siku hiyo ya kwanza ya Julai. Gari lililoagizwa Mei linaweza kufika Julai, na mwenye gari akakuta kiwango ambacho hakikuwapo alipoagiza.

Majirani zetu Kenya walikutana na jambo hilo mwaka 2023. Ushuru wa forodha wa magari nchini humo ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 kuanzia Julai mwaka huo. Kwa gari la thamani ya dola 8,000, ongezeko hilo ni dola 800, kabla ya kodi nyingine kuhesabiwa juu yake. Aliyetoa gari lake Juni na aliyetoa Julai walinunua gari moja kwa bei mbili.

Wakati mwingine mabadiliko ya bajeti humsaidia mnunuzi. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 serikali ya Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, na badala yake ikaongeza ushuru wa mafuta kwa Sh40 kwa lita. Tangu hapo mwenye gari lililoegeshwa halipi ada hiyo, bali anayetembea sana ndiye anayechangia zaidi kupitia mafuta. Kwa mkulima anayetumia gari miezi michache hiyo ilikuwa nafuu.

Somo hapa ni kwamba anayeagiza gari kati ya Aprili na Juni awe na akiba ya ziada kwa ajili ya kodi, au asubiri bajeti isomwe ajue mbivu na mbichi.

Januari na umri wa gari

Mwezi mwingine wa kuangaliwa ni Januari, kwa sababu mbili tofauti.

Sababu ya kwanza ni umri. Magari yaliyotumika yanayoingia nchini hutozwa ushuru wa ziada yakizidi umri fulani tangu yatengenezwe, na viwango vya magari ya abiria si sawa na vya magari ya mizigo. Mwaka mpya ukiingia, kila gari linakuwa limeongezeka mwaka mmoja katika vitabu vya forodha, hata kama lilitengenezwa Desemba. Gari linalokaribia mpaka wa umri likifika bandarini baada ya sikukuu za mwaka mpya linaweza kudaiwa zaidi kuliko lingefika kabla. Nchini Kenya jambo hili ni kali zaidi kwa sababu huko gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kabisa. Kuanzia Januari 2025, kwa mfano, ya mwaka 2017 yalifungiwa mlango.

Sababu ya pili ni hali ya mifuko. Januari na Februari ni miezi ya ada za shule, sare, mbolea na palizi. Wanunuzi kwenye yadi hupungua. Wakati huo huo wapo wenye magari hapa nchini wanaolazimika kuuza ili wapate fedha za haraka. Kwa anayetaka kununua pikapu ambayo tayari ina namba za Tanzania na ambayo kodi zake zilishalipwa, hiki ndicho kipindi cha kukaa mezani akiwa na fedha taslimu na bila papara. Muuzaji ndiye mwenye haraka.

Kwa mwenye yadi, ulizia gari liliingia nchini lini. Lililonunuliwa wakati dola iko juu mwenyewe hatataka kulishusha bei hata shilingi ikiimarika, kwa kuwa atauza kwa hasara. Lakini lililokaa miezi minane kwenye vumbi linamla mwenyewe fedha, na bei yake inazungumzika. Aidha, kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kupanga bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mwenye yadi akikwambia bei kwa dola, mwambie akupe kwa shilingi na aiandike.

Pikapu zinatoka wapi

Wengi huamini kuwa kila Toyota iliyotumika inatoka Japani. Kwa pikapu sivyo. Toyota waliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na hawakuirudisha hadi Septemba 2017. Ndiyo maana Hilux nyingi zilizotumika za miaka hiyo ya katikati hutoka nchi nyingine zinazoendesha upande wa kushoto kama sisi, zikiwamo Thailand na Uingereza. Mtu anayeambiwa kuwa Hilux ya mwaka 2010 ilikuwa ikitumiwa na mzee mmoja wa Tokyo ana haki ya kushtuka.

Asili ya gari ina maana katika bei na katika muda. Kwa magari yanayotoka Japani kweli, kama kirikuu na TownAce, Machi ni mwezi wa kuangalia. Huko kodi ya mwaka ya gari humwangukia anayeandikwa kuwa mmiliki Aprili 1, na mwaka wa fedha huisha Machi 31. Wengi hubadilisha magari kabla ya tarehe hiyo na ya zamani huenda minadani. Bidhaa ikiwa nyingi mnunuzi ana nafasi ya kuchagua. Kinyume chake, minada ya huko husimama wakati wa mwaka mpya, mwishoni mwa Aprili hadi mapema Mei, na katikati ya Agosti.

Kwa magari yanayotoka Uingereza, tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu kutokana na mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikirefuka, nauli hupanda na tarehe ya kufika hubadilika. Anayeagiza kutoka huko asipange kazi ya wiki fulani kwa kutegemea gari lililo baharini.

Kwa wenye uwezo wa kununua pikapu mpya kabisa, wakati mzuri wa kuzungumza ni pale toleo jipya linapokaribia. Novemba 2025 Toyota walionyesha nchini Thailand kizazi kipya cha Hilux, wakati kile kilichotangulia kilikuwa sokoni tangu 2015. Toleo jipya likifika madukani, muuzaji hutaka kumaliza la zamani, na mashirika yanayobadilisha magari yao huanza kuuza yaliyotumika. Kwa kazi ya shamba, toleo la zamani ambalo mafundi wa wilayani wanalijua na vipuri vyake vimejaa madukani mara nyingi ni bora kuliko jipya.

Ipo pia minada ya magari chakavu ya serikali na taasisi. Bei yake inaweza kuvutia, lakini gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo, na mara nyingi mnunuzi hutakiwa kulipa sehemu ya fedha papo hapo na kumaliza salio kwa siku chache. Usiende bila fundi wako.

Mahindi au gari, kipi kinapanda zaidi?

Hapa ndipo penye hasara kubwa ya mkulima, nayo haitokani na dola wala TRA.

Tuseme mkulima wa Songea anataka gari la Sh18 milioni. Mwezi Julai mahindi ni Sh500 kwa kilo, yaani Sh50,000 kwa gunia la kilo 100. Atahitaji kuuza magunia 360 kupata gari hilo. Akisubiri hadi Januari au Februari na bei ikafika Sh700 kwa kilo, atahitaji magunia 258. Kwa kununua gari lile lile miezi sita baadaye amebaki na magunia 102 ghalani.

Hata gari likiwa limepanda kwa Sh1 milioni katika muda huo kwa sababu ya dola, ongezeko hilo ni magunia 15 tu. Ondoa gharama za mifuko isiyopitisha hewa, dawa na ghala, bado aliyesubiri yuko mbele sana. Kwa maneno mengine, katika mwaka wa kawaida bei ya zao la mkulima hupanda na kushuka kuliko bei ya gari analolitaka. Anayeuza mazao kwa pupa ili awahi gari amelinunua kwa bei ya juu bila kujua.

Lakini kusubiri nako kuna hatari zake. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, na wengi walioweka mahindi ghalani msimu ule wakitarajia bei ya mwanzoni mwa 2018 hawakuipata. Wadudu nao hawasubiri. Kwa hiyo busara si kuweka yote wala kuuza yote. Uza sehemu ya kulipa madeni na mahitaji ya nyumbani wakati wa mavuno, weka iliyobaki katika hali nzuri, na gari lipangwe kutokana na hiyo iliyobaki.

Nani anunue lini?

Kutokana na hayo yote, jibu si moja kwa wote.

Mkulima wa mahindi au mpunga anayeuza mzigo wake mkubwa Januari na Februari anafaa kutafuta gari lililopo nchini katika miezi hiyo hiyo. Wakati huo dola huelekea kupanda, hivyo kuagiza nje si wazo zuri kwake, lakini soko la ndani limepoa.

Mkulima wa korosho wa Mtwara, Lindi au Tunduru yuko katika nafasi nzuri zaidi. Minada ya stakabadhi ghalani huanza Oktoba, na malipo huingia wakati ambao shilingi kwa kawaida ina nguvu. Huyu anaweza kuagiza nje, ila achague gari ambalo mwaka mpya ukiingia halitavuka mpaka wa umri, na atenge fedha za kodi tangu siku ya kwanza.

Mkulima wa tumbaku, ambaye zao lake hupangiwa bei kwa dola, hana hofu kubwa ya shilingi kushuka kwa kuwa naye hupata shilingi nyingi zaidi. Kwake la muhimu ni kukwepa mkanganyiko wa bajeti ya Juni na Julai.

Mfanyabiashara mwenye safari za kila wiki hana sababu ya kusubiri mwaka mzima. Kama gari litamwokolea Sh50,000 kwa safari na ana safari tatu kwa wiki, kila mwezi anaokaa bila gari anapoteza karibu Sh600,000. Miezi sita ya kusubiri nafuu ya bei ni Sh3.6 milioni, sawa na ile nafuu yote anayoitafuta. Huyu anunue mara tu apatapo gari zuri kwa bei ya haki.

Anayenunua kwa mkopo aongeze riba katika hesabu. Mwaka 2025 wastani wa riba za benki kwa wakopaji ulikuwa karibu asilimia 15. Mkopo wa Sh15 milioni kwa riba hiyo, ukikaa mwaka mzima bila kupunguzwa, unazaa Sh2.25 milioni. Mkulima aombe ratiba ya kulipa inayofuata mavuno. Anayekubali marejesho ya kila mwezi wakati kipato chake ni cha mara moja kwa mwaka anajitengenezea siku ya kuuza gari lenyewe kwa bei ya kutupa.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa gari lililopo nchini, hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, kagua faini za barabarani kwa namba ya gari, na kadi ihamishwe jina kabla ya kumaliza malipo. Fundi aangalie chasisi na chini ya bodi, hasa kama gari lilifanya kazi karibu na bahari au kubeba samaki na chumvi. Kwa gari la kuagiza, soma karatasi ya ukaguzi na ulipe kwa benki, kwa jina la kampuni na si la mtu.

Gari zuri litakuwepo mwezi ujao, na msimu ujao pia. Mwenye safari za kutosha, mazao yaliyouzwa kwa bei inayostahili na fedha za kodi zilizotengwa pembeni ananunua kwa nafuu hata akienda yadi mwezi ambao wengine wanasema si mzuri. Asiye na hayo matatu atalipa ghali, hata akipewa punguzo.